China ya leo na suala la matabaka: tuwaeleze nini wanafunzi?

Mwalimu wa Uyole

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha Historia kidato cha tano na cha sita hapa Mbeya, na klabu yetu ya mdahalo imechagua mada isemayo kwamba China ni nchi ya kijamaa. Upande unaoitetea mada una hoja zake: Chama cha Kikomunisti kimetawala tangu mwaka 1949, ardhi ya mijini ni mali ya dola na ya vijijini ni mali ya pamoja ya wanakijiji, na benki kubwa, reli na nishati zimebaki mikononi mwa serikali. Upande unaopinga unajibu kwa mambo ambayo nayo hayakataliki, kwamba nchi hiyo ina mabilionea kwa mamia, ina masoko ya hisa, na ina wafanyakazi wanaouza nguvu zao viwandani kama wanavyofanya wenzao wa nchi yoyote ya kibepari.

Tukitumia kipimo cha Azimio la Arusha, lililoeleza kwamba katika nchi ya kijamaa hakuna tabaka moja la chini linalofanya kazi na jingine la juu linaloishi kwa jasho la wengine, China inaanguka mapema. Hata hivyo naona jibu hilo ni jepesi mno, kwa sababu halielezi jinsi nchi ileile iliyotujengea reli kwa mkopo usio na riba ilivyogeuka kuwa mwekezaji anayehesabu faida. Nina maswali mawili. Je, matabaka ya China yalizaliwa na hatua ya kuufungulia milango uchumi wa dunia, au yalikuwapo kabla? Na ni tabaka lipi lililobeba gharama ya mabadiliko hayo? Ningeshukuru kupata majibu yenye miaka na matukio, kwani ushabiki wanafunzi wanao wa kutosha.

Msomaji wa Gangilonga

Mwalimu, matabaka yalikuwapo kabla ya mwaka 1978, mageuzi ya kuufungua uchumi yalipoanza. Yalikuwa ya namna nyingine, na namna hiyo ndiyo iliyoamua sura ya matabaka yaliyofuata.

Sheria ya mageuzi ya ardhi ya mwaka 1950 iliigawa kila familia ya kijijini katika mafungu: kabaila, mkulima tajiri, mkulima wa kati, mkulima maskini na kibarua. Mashamba ya makabaila yaligawiwa kwa wasio nacho, na makabaila wengi waliuawa. Miaka michache baadaye kilimo kikafanywa cha ushirika, hivyo hapakuwa tena na kabaila wala mkulima tajiri kwa maana ya umiliki, lakini fungu lilibaki limeandikwa na likarithiwa na watoto. Kijana aliyezaliwa mwaka 1960, ambaye baba yake hakumiliki hata shamba la mboga, aliweza kunyimwa nafasi ya masomo, kazi au hata mchumba kwa sababu babu yake alikuwa kabaila. Lilikuwa tabaka la kwenye faili. Mjini, viwanda vya watu binafsi viliunganishwa na serikali mwaka 1956, na wenye mali wa zamani wakaendelea kulipwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka hadi Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao dhidi ya waliodaiwa kuwa maadui wa ujamaa, yalipoanza mwaka 1966.

Kama ningekuwa wewe, ningewaonyesha wanafunzi kanuni za usajili wa kaya za mwaka 1958 kabla ya hotuba yoyote ya Mao. Kanuni hizo, zinazojulikana kwa jina la hukou, zilimfunga kila mtu mahali alipoandikishwa na kuwatenganisha watu wa mijini na wa vijijini. Mfanyakazi wa kiwanda cha serikali mjini alipata nyumba, matibabu, shule ya watoto na pensheni kutoka mahali pake pa kazi, wala hakufukuzwa. Mkulima alilipwa kwa alama za kazi katika komuni yake, yaani ushirika mkubwa wa vijiji uliomiliki mashamba kwa pamoja, akaiuzia serikali nafaka kwa bei iliyowekwa chini makusudi ili viwanda vijengwe. Njaa ya miaka 1959 hadi 1961 ilipokuja, makadirio ya wanahistoria kuhusu waliokufa yanaanzia takriban milioni 15 na kupita milioni 30, na wengi wao walikuwa watu wa vijijini, yaani walewale waliokilima chakula. Kwa hiyo ufa mkubwa kati ya mfanyakazi na mkulima ulikuwa umekwisha kuchimbwa ndani ya nchi iliyojiita ya wafanyakazi na wakulima, miaka 20 kabla mwekezaji wa kwanza hajatia mguu Shenzhen.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, kwa hiyo nitapita haraka. Mwishoni mwa mwaka 1978 kaya 18 za kijiji cha Xiaogang, mkoani Anhui, zilipatana kwa siri kugawana mashamba ya komuni, na katika miaka michache utaratibu wa kila kaya kukodishiwa eneo lake ukaenea nchi nzima. Mwaka 1979 mafungu ya ukabaila yalifutwa kwa karibu wote waliokuwa wakiyabeba. Mwaka 1980 zikatangazwa kanda maalumu za kiuchumi, yaani maeneo yaliyofunguliwa kwa wawekezaji wa nje, za Shenzhen, Zhuhai, Shantou na Xiamen.

Ukifika hapo, simama. Chukua msichana aliyeandikishwa kijijini Sichuan ambaye anaajiriwa na kiwanda cha Shenzhen kinachoshona au kuunganisha bidhaa za kampuni ya nje. Anaishi katika bweni la kiwanda. Mtoto wake hapati kwa urahisi nafasi katika shule ya serikali ya mji ule, kwa hiyo analelewa na bibi yake kijijini, na bibi anakula kutokana na kile kishamba ambacho kaya imegawiwa. Msichana akiugua, akichoka au oda zikikatika, anarudi kwao. Gharama ya kumlea mfanyakazi, kumtunza anapokosa kazi na kumhifadhi uzeeni inabebwa na kijiji, na mwenye kiwanda analipia tu siku anazokuwa na nguvu. Isitoshe, msichana huyo anajua kusoma na amepata chanjo, kwa sababu ya shule na huduma za afya zilizofika vijijini katika enzi za komuni. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba ujamaa uliondoka kwanza, kisha soko likaingia. Soko la dunia lilinunua nguvukazi ambayo bei yake ilikuwa imeshushwa na taasisi za kijamaa zenyewe. Wafanyakazi wahamiaji wa aina hii, kwa takwimu rasmi za miaka ya karibuni, wanakaribia milioni 300.

Kuhusu waliobeba gharama, usimtaje mhamiaji peke yake. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, chini ya Zhu Rongji, aliyeusimamia uchumi na kisha kuwa Waziri Mkuu, serikali iliamua kuyashika mashirika makubwa na kuyaachia madogo, na wafanyakazi zaidi ya milioni 20 wa mashirika ya umma walipoteza ajira, hasa katika mikoa ya viwanda vizito ya kaskazini-mashariki kama Liaoning. Wasomaji wetu wanaokumbuka namna mashirika yetu ya umma yalivyorekebishwa katika miaka hiyohiyo wataelewa kilio chao bila kuelezwa. Kisha mwaka 2001 ukaleta mambo mawili kwa pamoja: mwezi Julai Jiang Zemin, kiongozi wa chama wakati huo, alitangaza kwamba wenye makampuni binafsi wanaweza kupokelewa chamani, na mwezi Desemba China ikaingia Shirika la Biashara Duniani. Kwangu mimi huo ndio mwaka ambao tabaka la mabepari lilipata uhalali ndani ya chama na soko nje ya nchi, na sidhani kama jambo moja lingewezekana bila jingine.

Mzee wa Makambako

Nimewasoma vijana wangu. Nilifanya kazi relini hadi nilipostaafu, na ningependa kurekebisha picha ya China ya zamani kama mfadhili asiye na hesabu.

Mkataba wa reli ya TAZARA ulitiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967, baada ya nchi za Magharibi na Benki ya Dunia kukataa kuigharamia. Mkopo ulikuwa yuan milioni 988, bila riba, ulipwe katika miaka 30. Ujenzi ulianza mwaka 1970, treni ikapita njia nzima ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi mwaka 1975, na reli ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Kipande cha Mlimba hadi hapa kwetu Makambako ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote kwa sababu ya mahandaki na madaraja, na ni miongoni mwa sehemu zilizogharimu maisha ya watu, Wachina na Waafrika. Haya yote ni ya kweli na ya kuheshimiwa. Lakini gharama za ndani, yaani mishahara na vifaa vya hapa, zililipwa kwa sehemu kubwa kwa utaratibu wa kuuza bidhaa za Kichina madukani mwetu na mwa Zambia. Wale mnaodhani kwamba bidhaa za China zilianza kuingia nchini na wafanyabiashara wa Kariakoo mfahamu kwamba mashati, baiskeli na vyombo vya enamel vilikuja na reli.

Wataalamu wenyewe waliishi kwa kanuni ambazo Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, alizitangaza akiwa ziarani Afrika mwaka 1964, mojawapo ikisema kwamba mtaalamu wa Kichina hatadai maisha ya juu kuliko ya mtaalamu wa nchi anayoisaidia. Tuliwaona wakilima bustani zao na kuvaa nguo zilezile, mhandisi na fundi. Kwa macho yetu walionekana watu wasio na tabaka. Miaka mingi baadaye ndipo nilipofahamu kwamba wakati huohuo, nyumbani kwao, mtu aliweza kuteswa kwa sababu ya fungu la babu yake, kama alivyoeleza ndugu wa Gangilonga.

Sasa, Mwalimu, mfano utakaowafaa wanafunzi wako ni huu. Kazi ya TAZARA ilisimamiwa na ofisi ya misaada ya nje ya Wizara ya Reli ya China. Mwaka 1979, mageuzi yalipoanza, ofisi hiyo iligeuzwa kuwa kampuni ya ujenzi, ile inayofahamika leo kwa kifupi cha CCECC, ikaanza kutafuta zabuni duniani. Mwezi Septemba 2024 hati ya makubaliano kuhusu kuifufua TAZARA ilitiwa saini Beijing mbele ya marais wa nchi tatu, na mwaka 2025 kampuni hiyohiyo ikasaini mkataba wa kuiendesha kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa takriban dola bilioni 1.4 za Marekani. Ofisi iliyotujengea kwa mkopo usio na riba imerudi ikiwa kampuni, na safari hii italipwa kwa mapato ya mizigo, shaba ya Zambia na Kongo ikiwa mbele. Sisemi kwamba ni dhambi. Mkopo wa kwanza ulileta reli, lakini uendeshaji ulitushinda sisi wenyewe kwa sababu ambazo nyingi hazikutoka Beijing.

Mfanyabiashara wa Mwanjelwa

Shikamoo Mzee. Nakushukuru kwa habari za mashati, sikuzijua.

Wengine wote naona mmeegemea mno upande wa lawama. Benki ya Dunia inakiri kwamba katika miaka 40 China imewatoa karibu watu milioni 800 katika umaskini uliokithiri, na hakuna nchi nyingine katika historia iliyofanya hivyo kwa kasi ile. Mimi huagiza vipuri vya pikipiki kutoka Guangzhou, na mawakala ninaofanya nao kazi hulalamika kila mwaka kwamba mishahara ya viwandani imepanda, kiasi kwamba viwanda vya nguo na viatu vimehamia Vietnam, Bangladesh na hata Ethiopia. Msichana wa Sichuan aliyetajwa hapo juu huenda leo ana nyumba kwao na mtoto chuo kikuu. Mtu akinipa chaguo la kuwa maskini sawa na wenzangu au kuwa na unafuu huku jirani yangu akiwa tajiri, nafahamu nitakachochagua, na nadhani hata wanafunzi wa Mwalimu wanafahamu.

Jambo jingine, tusiwachanganye Wachina wote kuwa kitu kimoja. Agizo la Julai 2025 lililowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara hapa nchini liliwagusa watu wenye vibanda, ambao wengi wao walitoka kwao kwa sababu ushindani ulikuwa umewashinda. Mtu huyo na kampuni ya serikali yao inayochukua reli hawako tabaka moja, ingawa pasipoti zao zinafanana.

Binti Isimani

Mfanyabiashara, kupungua kwa umaskini hakuna anayekubishia, lakini swali la Mwalimu lilihusu matabaka, na nchi inaweza kupunguza umaskini huku pengo likipanuka. Kipimo cha Gini cha China, ambacho kadiri kinavyokaribia 1 ndivyo pengo la kipato lilivyo kubwa, kwa takwimu rasmi zenyewe kimekuwa juu ya 0.46 kwa karibu miaka 20.

Ninataka kurudi kwenye ardhi, kwa sababu sisi wa Iringa tuna historia yetu ya kulinganisha. Isimani ya miaka ya 1960 ilikuwa na wakulima wakubwa wa mahindi, wenye matrekta na vibarua, na serikali ilipotaka kuyageuza mashamba yao kuwa ya vijiji vya ujamaa, ugomvi uliishia kwa mkuu wa mkoa, Dkt. Wilbert Kleruu, kupigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi siku ya Krismasi ya mwaka 1971. Mwamwindi alihukumiwa kunyongwa. Baada ya hapo tulihamishwa, tukapangwa vijijini, na miaka ya 1980 sera ikalegea, lakini mashamba hayakugawanywa upya kwa usawa. Kila mtu alirudia alichoweza kukirudia.

China haikupitia njia hiyo. Kwa kuwa komuni zilikuwa zimefuta kabisa mipaka ya zamani, zilipovunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 mashamba yaligawiwa kaya kwa kaya kulingana na idadi ya watu, na hadi leo kaya haina haki ya kuliuza shamba, ina haki ya kulitumia tu, kwa vipindi ambavyo sasa ni vya miaka 30. Ndiyo sababu China ilifanya mapinduzi ya viwanda bila kuwa kwanza na mamilioni ya watu wasio na ardhi kabisa, jambo ambalo Uingereza haikuliweza. Sifa hiyo naipa komuni, pamoja na maovu yake yote. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba serikali za mitaa zilipata mwanya wa kulitwaa shamba la kijiji kwa fidia ndogo, kulibadilisha kuwa ardhi ya mji na kukodisha haki ya matumizi kwa wajenzi kwa bei kubwa. Migogoro mingi ya vijijini China imetokana na hilo kuliko na mishahara.

Haya si ya mbali na sisi. Tangu mwaka 2022 China imekubali kuingiza parachichi letu, na tangu Desemba 2024 imeondoa ushuru kwa bidhaa zote kutoka nchi zenye maendeleo duni zenye uhusiano nayo wa kibalozi, Tanzania ikiwamo. Njombe na Rungwe watu wanapanda. Lakini anayepanda ekari 50 mara nyingi ni mtumishi au mfanyabiashara wa mjini aliyenunua kwa wanakijiji, na aliyemuuzia anabaki kibarua wa kupalilia palepale. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, ila ulinzi wake unategemea nani anahudhuria mkutano mkuu wa kijiji siku muhtasari unaposainiwa. Soko ni lilelile la China kwa wote wawili, na linawagawa.

Mwalimu wa Uyole

Nawashukuru sana, na shikamoo Mzee wa Makambako. Mfano wa ofisi iliyogeuka kampuni nitautumia wiki hii. Limebaki jambo ambalo wanafunzi hakika wataniuliza. Kama wafanyakazi wa China wanatawaliwa na chama chenye jina lao, je, wanaruhusiwa kugoma? Na hao mabilionea, je, ndio wanaokiendesha chama sasa?

Msomaji wa Gangilonga

Haki ya kugoma ilikuwamo katika katiba ya mwaka 1975 na iliondolewa katika ile ya mwaka 1982, yaani miaka michache tu baada ya milango kufunguliwa. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi linalotambuliwa kisheria ni moja, na liko chini ya chama. Hiyo haina maana kwamba watu hawagomi. Mwaka 2010 wafanyakazi wa kiwanda cha vipuri cha Honda huko Foshan walisimamisha kazi, wakasababisha mitambo ya kuunganisha magari ya kampuni hiyo nchini humo isimame, na wakapata nyongeza ya mshahara. Kabla ya hapo, Sheria ya Mikataba ya Kazi iliyoanza kutumika mwaka 2008 ilikuwa imewapa ulinzi mkubwa kuliko waliokuwa nao, ingawa wafanyabiashara wa nje waliipinga wakati wa maandalizi yake. Utaona hapo kwamba dola haikusimama na mwajiri siku zote. Iliogopa ghasia kuliko ilivyoogopa hasara ya mwekezaji.

Kuhusu mabilionea, Novemba 2020 kampuni ya Ant, ya huduma za fedha kwa mtandao, ya tajiri Jack Ma, ilizuiwa kuuza hisa zake siku chache tu kabla ya mauzo yaliyotarajiwa kuwa makubwa kuliko yote duniani, muda mfupi baada yake kuwakosoa hadharani wasimamizi wa fedha. Mwaka uliofuata Xi Jinping akasisitiza kampeni ya ustawi wa pamoja, na makampuni makubwa yakaanza kutangaza michango. Huo si mwenendo wa serikali inayoendeshwa na mabepari. Wala si mwenendo wa serikali inayoendeshwa na wafanyakazi, kwani kodi ya mirathi haipo, kodi ya majengo ya nyumba za kuishi haijatandazwa nchi nzima, na hukou imelegezwa katika miji midogo huku Beijing na Shanghai zikiendelea kuchuja. Tajiri wa China ana mali bila dhamana ya kuilinda dhidi ya chama, na mfanyakazi ana chama bila chombo cha kukiwajibisha.

Kwa hiyo ningebadilisha mada. Mada ya ndiyo au hapana itawafanya wakariri sifa za ujamaa na za ubepari na kupigiana kelele. Wape hii: kwamba wakulima wa China wamelipia maendeleo ya nchi yao mara mbili, kwanza chini ya komuni na kisha chini ya soko.

Mfanyabiashara wa Mwanjelwa

Mada hiyo tayari imeegemea upande mmoja. Mwaka 2006 China ilifuta kodi ya kilimo iliyokuwapo kwa zaidi ya miaka 2,000. Upande unaopinga uanzie hapo, Mwalimu, na uwaulize wenzao ni lini wakulima wa Rungwe walifutiwa ushuru wa mazao.